Mazao ya Elimu Yapimwe kwa Pishi Gani?



Siku za jubilei ni siku za kuhesabu. Watu huhesabu miaka, majengo, shule na wanafunzi, nao hufanya vema, kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Basi leo twapenda kunena nanyi juu ya hesabu iliyo ngumu kuliko ya majengo, nayo ni hii: mazao ya chuo kikuu huhesabiwaje? Twauliza kwa sababu wengi wetu tuna watoto huko, tena kodi zetu husaidia kuwalisha wafundishao na wachunguzao. Mwenye shamba hana budi kuuliza habari za mavuno.

Tutazame mfano mmoja, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza mwezi wa Oktoba 1961 katika nyumba ya Mtaa wa Lumumba, kikiwa na tawi moja tu, la sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1964 kilihamia kilimani, ndiyo sababu hata leo watu hupaita Mlimani. Matawi yakaongezeka: fasihi na elimu ya jamii 1964, sayansi 1965, utabibu 1968, kilimo 1969, uhandisi 1973. Kilimo, kilichokuwa Morogoro, kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Utabibu nao ukawa chuo kikuu chenyewe huko Muhimbili mwaka 2007. Hivyo chini ya jina moja walikutana mwanasheria, mwanahistoria, tabibu, mkulima na fundi wa mitambo.

Sasa wenye elimu wana desturi yao ya kuhesabu. Mtu akichunguza jambo huandika makala katika jarida. Na mwingine akiitumia makala ile katika kazi yake, hana budi kuitaja. Basi wao huhesabu makala, kisha huhesabu mara ngapi zimetajwa. Mwaka 2005 mtaalamu wa fizikia, Jorge Hirsch, alitunga kipimo kimoja chenye kuunganisha hesabu hizo mbili: aliye na makala 10 zilizotajwa kila moja mara 10 au zaidi, wala hana 11 zilizotajwa kila moja mara 11, namba yake ni 10. Hatukidharau kipimo hiki. Chafaa kumtambua aandikaye mengi yasiyosomwa na mtu.

Walakini pishi hupimia nafaka, na yadi hupimia nguo. Mtu akienda sokoni na pishi peke yake, atasema ya kuwa muuza nguo hana kitu. Twaogopa ya kuwa wapimao vyuo kwa namba moja huweza kufanya kosa lilo hilo. Tutaleta mambo matatu, ninyi mtuamulie.

La kwanza ni la historia. Mwaka 1968 wanafunzi wa Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwauliza wazee habari za vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hata 1907. Walikuwapo bado wazee waliokumbuka. Maneno yao yakaandikwa na kuwekwa, nayo yamekuwa msingi wa kazi nyingi za wanahistoria. Kama wangalingoja miaka 20 tu, wengi wa wazee wale wasingalikuwapo. Tena angalieni neno hili: mengi yaliyoandikwa baadaye juu ya vita vile yameandikwa kwa Kiingereza. Atajwaye katika majarida ni mwandishi. Mzee aliyetoa habari, na mjukuu wake asiyesoma lugha ile, hawamo katika hesabu.

La pili ni la lugha. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili. Mwaka 1964 kazi yake iliingia katika chuo cha Dar es Salaam, ikawa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili. Na mwaka 1981 ikatolewa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Mwalimu wa shule huifungua kamusi, na karani, na mwandishi wa gazeti. Hutafuta neno, hulipata, huifunga, huendelea na kazi yake. Ni nani katika hao aandikaye chini ya ukurasa ya kuwa ameisoma kamusi? Kazi iliyo mikononi mwa watu wengi namna hii huenda ikaonekana ndogo katika daftari la kutajwa.

La tatu ni la sayansi. Mwaka 1963 mwanafunzi mmoja, Erasto Mpemba, akitengeneza aiskrimu shuleni, aliweka maziwa ya moto katika jokofu, akaona yameganda mbele ya maziwa ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia aliyetoka chuo cha Dar es Salaam kuwazuru. Wenzake wakamcheka. Osborne hakumcheka, alirudi chuoni akaagiza jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao walitoa makala pamoja. Hata leo wataalamu hubishana. Mwaka 2016 wachunguzi wa Uingereza walipima upya, wasione uthibitisho wa kutosha katika maji. Mwaka 2020 wengine, huko Kanada, waliliona jambo la namna hiyo katika chembe ndogo sana zilizomo majini. Lakini wote hulitaja kwa jina la Mpemba. Makala ile fupi ilizaliwa kwa sababu mtu wa chuo alikubali kusikiliza swali la mtoto wa shule.

Twaona nini katika hayo matatu? Twaona ya kuwa elimu iliyo bora ilitoka kwa watu: kwa wazee wa kusini, kwa wasemaji wa lugha, kwa kijana mwenye maziwa ya moto. Basi yapasa irudi kwao. Chuo kikiwapandisha cheo wale tu wanaotajwa katika majarida ya mbali, mwerevu atajifunza kuandikia mbali, na jirani atabaki na njaa ya maarifa karibu na ghala lililojaa.

Kwa hiyo twasema hivi. Hesabu ya makala iendelee, wala isiachwe. Lakini kando yake liwekwe daftari la pili: uchunguzi huu ulitoka kwa nani, nao umerudishwa kwake kwa lugha gani? Na sisi wazazi, tusiwaulize watoto wetu habari za vyeti peke yake. Tuwaulize wamechunguza nini, na wamemweleza nani. Na mtoto wa darasa la chini akileta swali la kuchekesha, tusimcheke mpaka tumelijaribu.