Haki ya Watu wa Pembezoni katika Mali ya Umma

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeziumba nchi zikatofautiana, hii akaipa mvua na ile akaipa jua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, mliomo msikitini na mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, tunaziusia nafsi zetu, na tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tumekusudia kusema juu ya mali ya umma na haki waliyo nayo ndani yake watu wa pembezoni.

Mwaka wa 18 Hijria bara Arabu lilipatwa na ukame mkali, hata mwaka huo ukaitwa Mwaka wa Ramada, yaani wa majivu, kwa jinsi ardhi ilivyogeuka rangi. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) aliwaandikia maliwali wake walete chakula, nacho kikaletwa. Hakuuliza jangwa la Hijazi litarudisha faida gani. Naye mwenyewe, imepokewa, alijizuia na samli mpaka watu waipate.

Sasa tuitazame nchi yetu ya Kenya. Mwaka 1965 Serikali ilitoa waraka wake mashuhuri, Nambari 10, juu ya mipango ya maendeleo. Humo iliamuliwa kuwa fedha zipelekwe kule zitakakozaa zaidi: penye ardhi njema na mvua, na penye barabara na umeme tayari. Maneno hayo yana sura ya hekima ya mfanyabiashara. Lakini tazameni mwendo wake: barabara yaenda penye barabara, na asiye nayo ahesabiwa kuwa hafai kupewa kwa sababu hana. Kaskazini, ambako mkoloni alikwisha kuifunga nchi, mtu haingii wala hatoki ila kwa ruhusa, uamuzi huo uliwakuta watu wako nyuma ukawaacha huko huko.

Katiba ya mwaka 2010 ilikuja kutengeneza jambo hili. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, iwekwe ndani yake kila mwaka nusu ya asilimia moja ya mapato ya Serikali ya kitaifa, kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika sehemu zilizotengwa, hata huduma zao zilingane, kadiri iwezekanavyo, na za wengine. Nusu ya asilimia ni shilingi moja katika kila shilingi 200. Mwenye dirhamu 200 katika sharia yetu hutoa zaka ya dirhamu tano. Hatusemi kuwa kodi ni zaka. Twasema tu kwamba shilingi hii moja si nyingi hata ikacheleweshwa.

Nayo imecheleweshwa. Mwaka 2013 Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaja kaunti 14, miongoni mwao Mandera, Wajir, Garissa, Tana River, Lamu, Kilifi na Kwale. Yakazuka mabishano, nani ashike fedha, wizara za Nairobi au kaunti zenyewe, hata magavana wakaenda mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikabatilisha miongozo ya mwaka 2015 iliyokuwa ikiiendesha Hazina. Tena fungu lenyewe hukadiriwa kwa hesabu zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge. Hesabu hizo zikikawia, nusu ya asilimia hutolewa katika mapato ya miaka iliyopita, yaliyo madogo kuliko ya leo. Anayepunjwa hapo hapigiwi kelele. Hupunjwa kwa karatasi.

Orodha ya pili, ya mwaka 2018, haikuchukua kaunti nzima nzima. Ilihesabu maeneo 1,424 katika kaunti 34. Wako walionung'unika kuwa chakula ni kile kile na walaji wameongezeka, na neno lao lina uzito. Hata hivyo sisi twaona njia hiyo ni ya haki zaidi, kwani mhitaji hakosekani hata katika kaunti yenye neema, na katika Kwale hiyo hiyo mahoteli ya pwani hayafanani na vijiji vya bara yake.

Pengine mtu atasema khatibu ameingia siasa. Ndugu yetu, Suratul Hashri imetufundisha kuwa mali ile iligawanywa ili isizunguke baina ya matajiri peke yao.

Na lawama isiishie Nairobi. Tumeona sisi wenyewe lambo la umma likichimbwa karibu na boma la mkubwa, na akina mama wakapita mbali kulifuata. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya zaka, aliporudi akagawanya: hii yenu, na hii nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake akaona kama zawadi ingemfuata. Kila mwanakamati na kila kontrakta aisikilize hadithi hiyo.

Ndugu Waislamu, Kifungu cha 204 kina mwisho wake. Kitakoma miaka ishirini baada ya Katiba kuanza, yaani tarehe 27 Agosti 2030, isipokuwa Bunge likiongeze muda kwa sheria, kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Wanaokuja kutuomba kura tuwaulize mapema watapigaje yao. Na kila jamaa ya msikiti ulio katika maeneo yale iulize imetengewa nini, na kimefika nini.

Ewe Mola wetu, wanyeshee mvua ya rehema waja wako wenye kiu, na uwape maliwali wetu khofu yako. Amin. Simamisheni Sala.