Kutu ya Ubongo: Mgonjwa Anayeitwa Mlevi



Leo tumeombwa kuzungumza juu ya ugonjwa ambao wengi wetu huenda tusiuone maishani. Ni nadra sana. Lakini tumekubali, kwa sababu mgonjwa wake huitwa mlevi. Anatembea akiyumba, ukimwita hageuki, na majirani wanasema, "Huyo amerudia chang'aa." Wengine wanasema amerogwa. Na mwenyewe hawasikii.

Madaktari wanauita siderosisi. Sisi tuuite kutu ya ubongo. Ubongo na neva kuu ya mgongo vimezungukwa na maji safi. Damu ikivujia ndani ya maji hayo kidogo kidogo kwa miaka mingi, madini ya chuma yaliyo ndani ya damu hubaki na kujipaka juu ya ubongo. Neva za kusikia huumia, na ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshika mizani ya mwili. Basi masikio yote mawili yanafifia na miguu inakosa mwelekeo. Wengine hawasikii tena harufu, au mkojo unawasumbua.

Hapa mtusikilize vizuri: chuma hicho hakitoki kwa chakula. Mama mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu asije akaviacha kwa ajili ya maneno yetu ya leo!

Damu inavuja wapi? Mara nyingi ni kitundu kwenye utando unaofunika neva ya mgongo, kilichoachwa na ajali au upasuaji wa zamani. Kwa wengine ni uvimbe, au mishipa ya damu yenye kasoro. Wapo pia ambao chanzo hakionekani hata kikitafutwa. Tuseme kijana ameanguka na pikipiki, mizizi ya neva za mkono ikang'oka shingoni, mkono ukapooza. Anazoea. Miaka 20 au 30 baadaye anaanza kuwa kiziwi. Nani atakumbuka pikipiki? Na sisi wenyewe tunajua boda boda zilivyojaa barabarani. Kwa hiyo ukimkuta mtu anayeyumba na kusikia kunapungua, muulize kama aliwahi kuanguka vibaya, kugongwa au kupasuliwa, hata zamani za utoto. Swali hilo halihitaji mashine, na jibu lake liandikwe kwenye barua ya rufaa.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1908, lakini kwa miaka mingi ulikuwa ukijulikana maiti ikipasuliwa. Picha za MRI zilipoanza kutumika miaka ya 1980 ndipo ukaonekana kwa walio hai: mstari mweusi kuzunguka ubongo, kama masizi kwenye sufuria. Picha ya CT ya kawaida inaweza kuukosa. MRI zipo nchini, ila gharama yake si mchezo, na ndiyo maana barua ile ni muhimu.

Kitundu kikipatikana, daktari wa upasuaji anaweza kukiziba, damu isivuje tena. Kutu iliyokwisha kuingia haiondolewi kwa kisu, na masikio yaliyokufa kwa kawaida hayarudi. Ndiyo maana tunasema mapema. Iko pia dawa ya kumeza, diferiproni, inayovuta chuma na kufika hadi kwenye ubongo. Mwaka 2012 yalichapishwa majaribio ya Marekani kwa wagonjwa 10, na kwa baadhi yao kutu ilionekana kupungua kwenye picha. Hiyo si kusema wamepona. Tena dawa hii inaweza kumaliza chembe nyeupe za damu, hivyo damu ipimwe mara kwa mara. Anayeitumia akipata homa au koo likimuuma, hospitali siku hiyo hiyo, si kesho.

Nyumbani, mpeni fimbo, na taa usiku akienda choo. Mwongeleshe ukimtazama usoni. Asiposikia, mwandikie kwenye daftari. Na jirani waelezwe, yeye akiwepo.

Sasa tuchukue maswali.