Makanisa Matano ya Kilima cha Namirembe
Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Kitale na Bungoma

Mtu asafiriye kutoka Bungoma kwenda Kitale hupita makanisa mengi. Mengine yana kuta za udongo na mapaa ya mabati; mengine ni ya matofali ya kuchoma, nayo bado hayajakwisha, kwa kuwa waumini wangali wakichanga fedha. Wako watu wanaouliza: Kuna haja gani ya kutaabika miaka mingi kwa ajili ya nyumba moja? Jibu limo katika habari za kanisa kuu la Namirembe, karibu na Kampala.

Kanisa hilo si geni kwa watu wa upande huu. Hata mwaka 1902 nchi ya Bungoma ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na Waangilikana wa Nyanza walikuwa chini ya Askofu wa Uganda mpaka 1921. Mifupa ya Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, ililetwa kwanza Mumias, kisha ikazikwa Namirembe mwishoni mwa 1892. Tena J. J. Willis, aliyeanzisha misheni ya Maseno mwaka 1906, ndiye aliyekuwa Askofu wa Uganda wakati kanisa la sasa lilipojengwa.

Kanisa hilo la sasa ni la tano. La kwanza lilijengwa mwaka 1890 kwa miti, matete na nyasi. Watu walipozidi kuwa wengi, likajengwa la pili mwaka 1892, kubwa ajabu, lenye nguzo nyingi za miti na uwezo wa kuchukua maelfu ya watu. Mwaka 1894 ikavuma dhoruba, likaanguka. La tatu lilikuwa tayari mwaka 1895, lakini mchwa wakalidhoofisha, ikapasa libomolewe.

Ndipo watu walipoazimia kujenga kwa matofali. Mmishonari Borup aliwafundisha vijana kufinyanga matofali na kuyachoma. Wakubwa kwa wadogo, wanaume kwa wanawake, walibeba udongo na kuni kupanda kilimani. Kanisa la nne likawekwa wakfu mwaka 1904. Kuta zake zilikuwa imara, bali paa lilikuwa la nyasi. Mwezi wa Septemba 1910 radi ikalipiga, paa likawaka, na kazi ya miaka mingi ikateketea kwa muda mfupi.

Waumini hawakukata tamaa. Waliomba ramani kwa Arthur Beresford Pite wa Uingereza. Kazi ilianza mwaka 1915, na mwaka 1919 kanisa likawekwa wakfu: kuta za matofali mekundu, kuba juu, na paa la vigae vya udongo wa kuchoma badala ya nyasi.

Tutazame pia makanisa ya vijiji vya Uingereza. Huko kuna ukumbi mrefu wa watu, na mbele yake, kwa kawaida upande wa mashariki, ni mahali pa altare. Mengi yana mnara wa kengele. Baadhi yamesimama zaidi ya miaka 900, wala hayakujengwa yote kwa mara moja. Kizazi kimoja kilijenga ukumbi, kingine kikaongeza mnara, kingine kikabadili paa. Tena ilikuwako desturi ya kale: mahali pa altare palitunzwa na kasisi, na ukumbi ulitunzwa na wanakijiji wenyewe. Kwa hiyo kila mtu alijua ni nani apasaye kuziba paa likivuja.

Hapo ndipo penye fundisho kwa watu wa Kitale na Bungoma. Namirembe kila hasara ilionyesha kosa lake, na waliojenga tena walilisahihisha: baada ya dhoruba na mchwa walitumia matofali, na baada ya moto walitumia vigae. Nchi iliyo chini ya Mlima Elgon nayo ina mvua nyingi, mchwa na radi. Yafaa basi wazee wa kila kanisa wafikiri mambo matatu kabla ya kuweka jiwe la msingi. Kwanza, nguzo za mti zisizikwe ardhini bila kinga. Pili, jengo lililo mahali pa juu lifungwe chuma cha kuzuia radi, nacho kishushwe hata ndani ya ardhi na fundi anayejua kazi hiyo. Tatu, sehemu ya mchango iwekwe kando kila mwaka kwa matengenezo, na wachaguliwe watu wa kuisimamia.

Kanisa lisilokwisha si aibu. Aibu ni lile lililokwisha, likashangiliwa siku moja, kisha likaachwa livuje.