Jina Lililobandikwa Juu ya Mashine



Mtu akiokota sarafu ya shaba pale Kilwa Kisiwani, kitu cha kwanza ni kuisoma. Sultani Ali bin al-Hasan alipigisha jina lake juu ya shaba, na kwa majina ya namna hiyo sarafu za Kilwa zimetambuliwa hata katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zilikookotwa mwaka 1944. Kwa sarafu, jina ni ushahidi. Kwa kompyuta za mwanzo, jina lilificha mambo.

Mwaka 1965 Wizara ya Fedha, yaani Hazina, Dar es Salaam, ilifungiwa kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500. ICT ilikuwa kampuni ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1959 kwa kuunganisha kampuni mbili za mashine za kadi za matundu. Moja kati ya hizo, British Tabulating Machine Company, ndiyo iliyounda mitambo ya kuvunja siri za jeshi la Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili. Ukoo mkubwa huo! Lakini mashine iliyofika Hazina haikuwa ya ukoo huo. Ilikuwa RCA 301, kazi ya Wamarekani wa RCA, wale wale wa redio na santuri. Waingereza waliiuza kwa jina lao.

Mwaka 1968 ICT ikaunganishwa na wenzake, ikawa ICL. Huku kwetu, mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ulileta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo kompyuta ndogo za mezani zilipoanza kuenea duniani, sisi mlango wetu ulikuwa umefungwa.

Kati ya kompyuta hizo ndogo kulikuwa na ya kampuni ninayotaka muijue: RAIR, ya Uingereza. Iliunda kompyuta ndogo iitwayo Black Box, iliyoweza kuhudumia watu kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja na kioo chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ICL ilipotaka kompyuta yake ya mezani, iliichukua hiyo, ikabandika jina lake, ikauza. Ni mtindo ule ule wa 1965. Walionunua walisema wana ICL. Waliochora na kuunganisha nyaya hawakutajwa, na naona hiyo ni dhuluma kwa mafundi.

ICL yenyewe haikudumu. Mwaka 1990 Fujitsu ya Japani ilinunua asilimia 80 ya hisa zake, na mwaka 2002 jina likaondolewa.

Wazee mliofanya kazi Hazina miaka ile, mkatoboa kadi au kulisha mashine, tuandikieni kupitia kituo hiki. Kumbukumbu zenu tutazisoma hapa hewani.