Babu Yetu na Deni la Masasi

Leo twataka kuwasimulia habari za mzee mmoja, naye ni babu yetu, mzaa baba, aliyefariki mwaka 2008. Sisi wajukuu wake tu wengi, na kila mmoja alibakiwa na kipande chake cha hadithi. Tumevikusanya vipande hivyo, nasi twasema kwa kinywa kimoja.

Babu alizaliwa katika nchi ya Songea, mwaka asioujua. Mama yake alimwambia kwamba alikuwa angali ananyonya wakati homa kuu ya 1918 ilipopita ikiua watu; basi akahesabu umri wake tangu hapo. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kukata mkonge, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini, waliokuwa wakiitwa manamba. Habari za mkonge hakupenda kuzisimulia. Alisema mgongo wake wazikumbuka, yatosha.

Mwaka 1940 akaandikwa askari wa Keya. Mwaka 1941 alikuwa Uhabeshi kupigana na Waitalia, hata Gondar ilipoanguka mwezi wa Novemba. Mwaka 1942 akavuka bahari kwenda Bukini, yaani Madagaska. Vita vile aliviita vita vya kuondoa mawe, kwani Wafaransa walikuwa wameziba barabara kwa mawe na magogo ya miti, na kazi ya askari kutwa nzima ilikuwa kuzizibua.

Baada ya hayo, akiwa Mombasa akingojea kupelekwa ng'ambo, alipata rafiki, kijana wa Masasi aliyekuwa askari wa mizinga. Jina lake hatulitaji hapa, ila Babu alilitaja karibu kila siku ya maisha yake. Kijana yule alimkopesha shilingi saba ili ampelekee mama yake nguo. Babu akasema, "Nitakulipa tukifika Selani."

Mwanzoni mwa Februari 1944 wakapakiwa, Babu katika marikebu moja na rafiki yake katika nyingine iliyoitwa Khedive Ismail, zote za msafara mmoja. Tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani ikaipiga Khedive Ismail. Ilizama kwa muda usiozidi dakika mbili. Walikuwamo watu zaidi ya 1,500, nao waliookoka ni zaidi kidogo ya 200 tu. Babu alikuwa juu sitahani. Alituambia kwamba aligeuka kumwita mwenziwe aje atazame, na alipogeuka tena marikebu haikuwapo. Yao haikusimama, marikebu za askari ziliamriwa kukimbia, zikakimbia.

Kutoka Selani alipelekwa Bama, katika bonde la Kabaw. Ukimwuliza habari za Wajapani, yeye alikueleza matope. Mvua zilinyesha miezi, magari yakazama, chakula kikaangushwa kwa ndege, na homa ikaangusha watu kuliko risasi. Mwezi wa Desemba 1944 walifika Kalewa, likajengwa daraja la chuma juu ya mto Chindwin, urefu wake futi zaidi ya 1,100. Daraja hilo alilisifu sana, kana kwamba alilijenga peke yake.

Mwaka 1946 akarudishwa Dar es Salaam na kuachiliwa. Kiinua mgongo alichopewa kilikuwa kidogo. Mwafrika alilipwa chini ya Mzungu aliyefanya kazi ile ile, na jambo hilo lilimkera mpaka uzeeni. Wenzake wa Songea walipanda gari la moshi, kisha malori ya njia ya Iringa. Yeye alipanda chombo kwenda Lindi, akafuata njia ya Masasi kwa miguu.

Alimkuta mama wa rafiki yake akipura mtama. Barua ya Serikali ilikuwa imefika zamani, nayo mwalimu alimsomea kwamba mwanawe amepotea baharini. Mama huyo hakupata kuiona bahari. Kwake, aliyepotea aweza kuonekana. Na kila jioni alikuwa akimwekea mwanawe chakula.

Babu akaamkia, akapewa maji, akanywa. Akasema yeye ni nani, akaweka shilingi saba juu ya mkeka.

Mama akauliza, "Bahari hiyo haina ng'ambo?"

"Ina ng'ambo, mama. Lakini hapo tulipokuwa, haikuonekana."

"Ulimwona akifa?"

"Sikumwona yeye. Niliona marikebu yake ikizama, nayo ilizama kabla mtu hajamaliza kuvaa viatu. Mama, usimngoje."

Sisi wajukuu hatukubaliani kuhusu neno hilo. Wengine wetu wasema angemwachia tumaini lake, kwani halikumdhuru mtu. Wengine wasema chakula kile cha kila jioni kilikuwa kikimla yeye. Babu mwenyewe hakuwa na hakika. Alituambia kwamba yule mama alinyamaza mpaka kuku wakaingia ndani, ndipo akalia kilio cha msiba, na majirani wakaja, wakakaa matanga aliyokuwa ameyakataa miaka miwili.

Siku ya kuondoka alizihesabu zile shilingi, akachukua sita. Ya saba akamrudishia Babu, akisema, "Mwanangu asingekuacha upite Tunduru bila chakula." Babu hakuitumia. Tangu hapo alimwita mama, naye alimwita mwanangu. Kila alipopata nauli alikwenda Masasi kumtazama, na alipofariki, mwaka 1961, Babu alikwenda akanyoa nywele kama mtoto wake wa kumzaa.

Babu alipokufa, tulifungua sanduku lake. Nishani zake zilikuwa zimefungwa katika kitambaa pamoja na misumari. Shilingi ilikuwa peke yake ndani ya kibati cha tumbaku, ile ya zamani yenye simba na milima. Watu wa Masasi walifika siku ya tatu, njia ikiwa mbaya kwa mvua. Wazee wetu waliondoka kuwapisha mahali pa wageni. Wao wakapita moja kwa moja, wakaketi chini pamoja na wafiwa.