Unabii wa Tiro na Ushahidi wa Historia

Katika mihadhara ya dini na kwenye vijiwe vya kahawa kuna hoja isiyochakaa. Mmoja anasema Biblia ni ya kweli kwa sababu mambo iliyoyatabiri yametimia, na historia ni shahidi. Mwenzake anamjibu kwamba utabiri huo uliandikwa mambo yalipokwisha kutokea. Sauti zinapanda, na kitabu chenyewe hakijafunguliwa. Leo tukifungue pahali pamoja tu: Ezekieli sura ya 26, unabii juu ya mji wa Tiro.

Tiro ulikuwa mji wa Wafoinike, kwenye pwani ya nchi tunayoiita leo Lebanon. Sehemu yake moja ilikuwa bara. Nyingine, yenye bandari na kuta ndefu, ilikuwa kisiwani, yapata nusu maili kutoka ufukweni. Karibu na mwaka 586 KK, Ezekieli, kuhani wa Kiyahudi aliyekuwa uhamishoni Babeli, alitangaza kwamba mataifa mengi yangeujia mji huo. Akamtaja Nebukadreza, mfalme wa Babeli, kwa jina: angekuja na farasi na magari ya vita, abomoe minara, aingie malangoni. Mawe na mbao za mji zingetupwa majini, pakabaki mwamba mtupu wa kuanikia nyavu, na Tiro usijengwe tena.

Je, historia inasemaje? Nebukadreza alikuja kweli. Mwanahistoria Myahudi Josephus, akitegemea kumbukumbu za Wafoinike, anasema mfalme huyo aliuzingira mji kwa miaka 13. Lakini kisiwa hakikutekwa nyara, na Tiro uliendelea kuwa na wafalme wake. Zaidi ya miaka 200 baadaye, mwaka 332 KK, akaja Aleksanda Mkuu. Akazoa mawe na mbao za mji wa bara, akavitupa baharini na kujenga njia ya kukifikia kisiwa. Baada ya miezi saba akauteka mji. Mchanga ulijikusanya kwenye ile njia, na kisiwa kimeungana na bara mpaka leo.

Hapa ndipo mhubiri anaposimama na kupigiwa makofi: mawe majini, neno kwa neno! Kufanana huko kunashangaza, na si haki kukupuuza. Lakini ukimwita shahidi mahakamani, huwezi kumnyamazisha akifika nusu ya maelezo. Shahidi huyu bado ana la kusema.

Tiro ulijengwa tena. Katika zama za Yesu, fedha ya Tiro ndiyo iliyolipia kodi ya Hekalu la Yerusalemu. Matendo ya Mitume sura ya 21 inaeleza kwamba Paulo alikaa Tiro siku saba pamoja na wanafunzi aliowakuta huko. Leo mji huo unaitwa Sur, una watu na masoko, na magofu yake yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1984. Watetezi hujibu kwamba kilichokoma ni mji wa bara, au ni dola ya Tiro na fahari yake. Hoja hiyo inaweza kusikilizwa, ila Ezekieli mwenyewe anauweka mji huo katikati ya bahari.

Na kuna ushahidi ambao wahubiri wengi huuruka, nao umo ndani ya kitabu kilekile. Katika sura ya 29, kwenye ujumbe wa mwaka 571 KK, Ezekieli anaeleza kwamba jeshi la Nebukadreza lilitaabika sana mbele ya Tiro bila kupata ujira wowote, na kwa hiyo angepewa Misri badala yake. Nabii mwenyewe anakiri kwamba mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa.

Lakini mkosoaji naye asishangilie mapema. Sura ya 29 inambomolea hoja yake kuu. Kama sura ya 26 ingetungwa baada ya matukio, mwandishi asingemwingiza Nebukadreza malangoni mwa mji ambao hakuupora. Kule kutolingana ndiko kunakoonyesha kwamba maneno yalitangulia na matukio yakafuata. Kwa hiyo Ezekieli alitabiri kweli, ingawa si yote yaliyotokea kama alivyosema.

Linganisha na kitabu cha Danieli. Sura ya 11 inafuatilia vita vya wafalme wa kaskazini na kusini kwa usahihi mkubwa hadi zama za Antioko wa Nne, mfalme wa kaskazini. Kisha inasema angefikia mwisho wake baada ya kupiga hema kati ya bahari na mlima mtakatifu. Lakini Antioko alifia Uajemi mwaka 164 KK. Ndiyo maana wasomi wengi, wakifuata hoja ya mwanafalsafa Porfirio wa karne ya 3, husema sura hiyo iliandikwa muda mfupi kabla ya kifo hicho.

Basi historia inaweza kutuambia maneno yaliandikwa lini, yalisema nini, na nini kilitokea baadaye. Kama ni Mungu aliyeyasema, hilo haliwezi kuchimbuliwa ardhini wala kusomwa kwenye sarafu. Wala Biblia haidai kwamba kila unabii ni ratiba. Yona alitangaza kuangamia kwa Ninawi, watu wakatubu, na mji ukasalimika. Unabii mwingi ulikuwa onyo, na anayeonya hutaka watu wabadilike.

Maoni yangu ni haya: imani inayojengwa juu ya ushahidi uliokatwa nusu itayumba siku msikilizaji atakapoisoma nusu ya pili. Na ukosoaji unaokataa kila unabii bila kuusoma ni ushabiki tu. Kwa hiyo, msikilizaji, atakayekuhubiria Ezekieli sura ya 26, mwombe kwa heshima akusomee pia sura ya 29, kuanzia mstari wa 17 hadi wa 20. Na atakayekwambia unabii wote ulitungwa baadaye, mwombe naye asome mistari hiyohiyo.