Minara ya London na waliojengewa

Msanifu majengo Ernő Goldfinger, mzaliwa wa Budapest, Hungary, alihamia London mwaka 1934. Mwaka 1967 ulikamilika mnara wake wa zege, Balfron Tower, mashariki mwa jiji, uliojengwa kuwa makazi ya umma.

Mwaka 1968 yeye na mkewe, Ursula, waliishi humo miezi miwili, wakiwaalika wapangaji waeleze kasoro zake. Mafunzo hayo aliyatumia katika Trellick Tower, mnara wa ghorofa 31 magharibi mwa London, uliokamilika mwaka 1972.

Leo minara yote miwili inalindwa kisheria kama urithi wa taifa. Hata hivyo, Balfron ilipofanyiwa ukarabati, wapangaji walihamishwa na nyumba zao zikawekwa sokoni. Sheria ililinda jengo, waliojengewa haikuwalinda.